Jina Lisilomo Kiooni

29 Septemba

Msimu wa besiboli umekwisha. Korongo wamefungwa mechi ya mwisho, sita kwa moja, na mtangazaji wa redio akatushukuru kwa kuwa nao mwaka mzima, kana kwamba sisi watu wa Lorain tulikuwa na timu nyingine ya kwenda kushangilia. Mama alichungulia mlangoni akauliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Miaka mingine huwa nalia. Leo nilingoja kilio kije, hakikuja, nikamalizia hesabu za shule.

1 Oktoba

Asubuhi tunasoma kwa Kihispania, mchana kwa Kiingereza. Walimu wangu wawili hawajawahi kuketi pamoja, lakini kwenye ripoti wameandika kitu kimoja: anajua, ila haongei. Ndiyo maana naandika.

Utabiri wa kwanza wa majira haya ya baridi: meneja atafukuzwa kufikia Jumatatu.

4 Oktoba

Kaka yangu Efraín amerudi nyumbani. Ana miaka ishirini na nne, ni mrushaji, wa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita Korongo walimpandisha kutoka timu ya chini, akarusha katika mechi chache za mwisho, na mtaa wetu wote ukaingia wazimu. Watu walitundika mashuka yenye jina lake madirishani. Padri alimtaja kwenye misa. Mpaka leo mwenye duka la mikate hataki kupokea hela ya Mama.

Alinikumbatia kwa mkono wa kulia. Mwingine aliuacha mfukoni.

6 Oktoba

Meneja amefukuzwa.

19 Oktoba

Mvua. Ziwa limechafuka, linanuka hadi shuleni.

Utabiri: hawatanunua mpigaji wa maana. Watachukua wazee watatu waliochoka, halafu watatuambia tumepata uzoefu.

3 Novemba

Leo tumeanza mazoezi, mimi na Efraín, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mimi ndiye mdakaji wake wa majira ya baridi. Nachuchumaa mbele ya jukwaa ambako watoto huigiza Noeli, natega glavu, yeye anarusha. Hakuna maneno mengi, kwa hiyo kazi hii inanifaa.

Kila mwaka wiki ya kwanza kiganja changu huvimba. Mama hunifunga kitambaa chenye barafu na kumgombeza Efraín kwamba ataniharibia mkono nishindwe kuolewa. Ni mzaha wake, ila anauona mtamu kuliko tunavyouona sisi.

Leo mpira ulikuja, ukaingia kwenye glavu, nikaurudisha. Ukaja tena. Baada ya kila mmoja aliniuliza, "Vipi?" nami nikajibu, "Sawa." Tulipomaliza nikavua glavu nikakitazama kiganja. Kilikuwa vilevile kama nilivyotoka nacho nyumbani. Hakikuwa hata chekundu.

10 Novemba

Kiganja hakiumi.

17 Novemba

Kiganja hakiumi. Nilidhani labda nimekomaa, nikamwomba Danilo wa darasani kwetu, anayerushia timu ya shule, anirushie mipira michache uwanjani. Ule wa tatu ulinitoa machozi. Danilo ana miaka kumi na sita.

27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, wali wa mbaazi, wajomba. Kila mjomba alitaka kuukamata mkono wa kushoto wa Efraín, kama watu wanaogusa sanamu kanisani. Aliwaachia wafanye hivyo. Nilitabiri moyoni kwamba atakwenda chooni kabla ya keki, na akaenda, akakaa huko muda mrefu.

2 Desemba

Wamechukua mzee wa kwanza. Ana miaka thelathini na saba. Uzoefu.

13 Desemba

Leo tulitengeneza pasteles za Krismasi. Mama anapaka uji wa ndizi mbichi kwenye jani la mgomba, anaweka nyama katikati, mimi nakunja, Efraín anafunga uzi. Kufunga ni kazi yake tangu utotoni kwa sababu fundo lake halifunguki hata likichemka saa nzima. Leo alisema niketi mahali pake, eti yeye atakunja, amechoka kuitwa mtaalamu wa mafundo.

Mama akacheka. "Umekuwa staa sasa, uzi unakuchafua."

"Mkono huu una bima, Mama," akajibu.

Mama akacheka tena. Mimi nikafunga. Nyingine zilifunguka sufuriani na maji yakawa uji.

Jioni tulishuka ukumbini. Alirusha mara nne, kisha akaja akaketi kwenye ukingo wa jukwaa. Sikumuuliza kitu. Nadhani ndiyo sababu aliniambia.

Tangu Septemba, tangu mechi yake ya pili, kiwiko kinamuwaka kwa ndani. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, na asubuhi hawezi kushika mswaki. Madaktari wa timu hawajui. Nikauliza, na Mama je. Mama ndiye wa mwisho atakayejua, akasema.

Kisha akanieleza mpango wake, polepole, kama anayemweleza mtoto sheria za mchezo. Kambi ya mazoezi inafunguliwa katikati ya Februari, kule Arizona. Atakwenda kama mtu mzima asiye na kasoro. Siku ya kwanza ya kurusha kwa nguvu, atashika kiwiko na kuanguka chini.

"Nikiumia kule ni jeraha lao, Nere. Wataniweka kwenye orodha ya majeruhi, naendelea kuwa mchezaji wa Korongo mwaka mzima, natibiwa, narudi. Wakijua sasa hivi, kabla ya kambi, mimi ni nani? Mtu wa mechi tano. Watanifuta."

"Na ukirusha kwa nguvu kikakatika kabisa?"

"Si nitakuwa nimeshafika?"

Akaniomba ninyamaze. Akacheka kidogo, akasema kwa bahati nzuri amemchagua mtu anayefaa. Nikasema sawa. Nilijaribu kuhisi kitu, hofu au hata fahari ya kuaminiwa. Nilihisi baridi ya sakafu tu, kwa sababu nilikuwa bado nimechuchumaa.

20 Desemba

Theluji mpaka magotini.

25 Desemba

Krismasi. Efraín alinipa glavu mpya.

2 Januari

Kila mtu anauliza kama orodha yangu ya wachezaji wa msimu ujao iko tayari. Iko tayari tangu tarehe 13 Desemba.

5 Januari

Niandike kuhusu kinyozi, la sivyo ya kesho hayataeleweka hata nikiyasoma mimi mwenyewe baadaye.

Katika Sikukuu ya Wafalme, ile ya Mamajusi, kinyozi Wilfredo hanyoi. Anafungua duka, anawasha jiko la mafuta, na mashabiki wa Korongo wa mtaa mzima wanajazana. Mmoja mmoja anaketi kwenye kiti cha kunyolea. Wilfredo anamfunga lile shuka shingoni, anakizungusha kiti awatazame watu, na kumuuliza, "Kwa moyo au kwa macho?" Lazima ujibu kwa macho. Ukisema kwa moyo unateremshwa, kwa sababu kwa moyo kila mtu angewataja anaowapenda na Korongo wangekuwa mabingwa kila mwaka. Kisha unataja wachezaji ishirini na sita watakaoanza msimu, bila karatasi. Ukikwama unarudia mwanzo. Wilfredo anayaandika kwa kalamu nyeupe kwenye vioo vya ukutani, kila mtu na sehemu yake, na hayafutwi mpaka mechi ya kwanza. Wanaonyolewa kuanzia Januari hadi Machi wanajiona nusu, nusu nyingine majina.

Mimi nimeshinda miaka miwili, kwa orodha iliyokaribia ukweli kuliko zote, ila sijawahi kukikalia kile kiti. Baba yangu wa ubatizo, Chago, ananisemea. Nampa majina ndani ya gari, anayakariri, anakwenda kuketi na kuyatamka kwa sauti yake ya kuuza samaki, halafu ananionyesha kidole nyuma kule mlangoni, na watu wanapiga makofi huku mimi natazama viatu.

Leo alinipitisha dukani kwa gari lake nikampa majina. Akayarudia akihesabu kwa vidole juu ya usukani. Alipomaliza akasema yametimia, lakini mbona hajamsikia Efraín.

"Hayumo."

Akasimamisha gari kando, palepale kwenye matope ya theluji.

"Mmegombana?"

Nikasema hapana.

"Sasa amekufanyia nini mtoto wa watu?"

Hakuna, nikasema. Orodha ni kwa macho.

Alikaa akipangusa kioo cha mbele kwa kiganja ingawa hakikuwa na ukungu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mimi nimembeba yule mtoto siku ya ubatizo wake, na wewe siku ya wako. Hiyo orodha haitoki mdomoni mwangu. Ukiitaka, kakae mwenyewe."

6 Januari

Nilikaa mwenyewe.

Ningeweza kulitaja. Nataka hilo liandikwe mahali, maana usiku kucha nililizungusha kichwani. Majina ishirini na sita, moja tu la uongo, na hakuna ambaye angejua. Au ningekaa nyumbani na kusema naumwa tumbo. Lakini kila nilipojaribu kuipanga orodha na Efraín ndani, ilibidi nimtoe mtu mwingine ambaye mkono wake ni mzima, na sikuweza. Siyo wema. Sijui ni nini. Nilikuwa kama mtu aliyeketi nyuma yangu mwenyewe.

Duka lilijaa. Efraín alikuwa dirishani, kofia ya Korongo kichwani, watoto wamemzunguka. Watu saba walikwisha kuketi kabla yangu na wote saba walimtaja, wengine walianza na yeye kabisa, na kila mara duka lilinguruma naye akanyanyua kofia kwa mkono wa kulia. Wilfredo aliwaacha, hata aliposikia wazi kwamba huo ulikuwa moyo mtupu.

Chago alipokataa kunyanyuka, nikaenda. Watu wakadhani ni mzaha. Mtu akasema kumbe ana miguu. Wilfredo akanifunga shuka kwa upole, akakizungusha kiti.

"Kwa moyo au kwa macho, binti?"

"Kwa macho."

Sikujua kwamba sauti yangu ni nene hivyo.

Nikataja. Pruitt mdakaji, Hollenbeck wa kituo cha kwanza, wale wazee wawili waliokwisha kusajiliwa, halafu wengine wote, warushaji nikiwaacha mwisho. Sikukwama hata mara moja. Nilipofunga mdomo Wilfredo akahesabu kwa ncha ya kalamu, akatabasamu, akanipigapiga begani. Akawaambia watu kwamba mtoto ameingiwa na woga, amemsahau wa nyumbani kwake. Akamfuta kwa kidole gumba mrushaji wangu wa mwisho na kuanza kuandika E.

"Sijasahau," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Sijasahau, Mzee Wilfredo. Rudisha jina lililokuwepo."

Jiko la mafuta lilikuwa likitoa mlio mdogo ambao sijawahi kuusikia miaka yote. Nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba wivu wa ndugu ni ugonjwa. Sikumtazama Efraín, ila nilimwona, kwa sababu vioo viko kila upande. Alikuwa ananitazama kama ninavyoutazama mpira unaokuja.

Wilfredo alilirudisha jina. Mwandiko wake ulikuwa umepinda.

7 Januari

Efraín hasemi nami. Mama amesikia sokoni. Aliniuliza mara moja, mikono ikiwa kwenye sinki, kwa nini sikumweka kaka yangu. Nikasema aulize mkono wake. Alifunga bomba, akapanda ngazi bila kuifuta mikono. Sikusikia kilichosemwa juu. Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu ameketi kwa nguvu.

8 Januari

Kila mwaka mpwa wa Wilfredo hupiga picha za vioo na kuziweka kwenye ukurasa wa mashabiki wa Korongo. Mwaka huu ameandika chini yake: hata dada yake hamwamini. Watu elfu kadhaa wameshacheka.

Nilijua kwamba picha hupigwa. Kila mwaka hupigwa. Siwezi kusema sikujua.

12 Januari

Timu imepiga simu. Mtu mmoja huko ofisini ameona picha na ameuliza, kwa adabu kabisa, kama Efraín yuko sawa, na kama angependa kuja kupimwa mapema, kabla ya kambi. Efraín alisema angependa. Alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

Mama yuko katikati yetu. Anaweka sahani tatu, anazungumza na wote wawili, anajibu mwenyewe.

16 Januari

Wamempima. Mashine haidanganyiki. Ule mshipa unaoshikilia kiwiko umechanika zaidi ya nusu.

17 Januari

Mama ameniambia kwamba daktari alisema kwa kurusha mara moja tu kwa nguvu ungekatika wote. Nikamuuliza, alisema ungekatika au ungeweza kukatika? Mama akafikiri. Ungeweza, akasema. Alitaka nifurahi. Nilimshukuru.

20 Januari

Theluji.

21 Januari

Theluji.

4 Februari

Korongo wamemfuta Efraín kwenye orodha ya wachezaji arobaini, ile kubwa ambamo wale ishirini na sita huchaguliwa. Nilisoma kwenye simu darasani, mistari miwili, chini ya habari za mzee wa tatu aliyesajiliwa siku hiyohiyo. Watamfanyia upasuaji. Wamempa mkataba wa timu ya chini kabisa, ambako alianzia akiwa na miaka kumi na tisa. Baada ya hapo wataona.

Kwa hiyo nilitabiri sawasawa. Au sikutabiri. Nimekaa nalo siku nzima na sijui kama niliona kitakachotokea au nilikisukuma. Kama ningelitaja jina lake pale kwenye kiti angekuwa anafunga mabegi ya kwenda Arizona, kiwiko kikiwaka, na labda mpango wake ungefaulu. Labda. Naliandika neno hili nikingoja linichome.

Mashuka yameanza kuondolewa madirishani. Siyo kwa ubaya. Ni kwamba yamelowa.

15 Februari

Kambi imefunguliwa. Kwenye televisheni wote wana miwani ya jua. Efraín alitazama dakika moja akaenda kukwangua barafu ngazini kwa mkono mmoja.

3 Machi

Upasuaji umefanyika. Wamechukua mshipa kutoka kwenye kigimbi cha mkono wa kulia wakaushonea wa kushoto. Kwa hiyo sasa mikono yote miwili imefungwa, mmoja zaidi ya mwingine. Mama anafanya kazi hospitalini zamu ya mchana. Maana yake ni mimi.

4 Machi

Nilimvalisha soksi.

9 Machi

Nilimlisha supu. Nilimkata kuku vipande vidogo. Alisema, "Vikubwa kidogo." Hayo ni maneno ya kwanza aliyoniambia tangu Januari.

14 Machi

Ndevu zinamwasha. Aliomba nimpeleke kwa Wilfredo. Nikasema duka la upande wa pili wa mto ni zuri pia. Akasema kwa Wilfredo.

Tulipoingia watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja juu ya hali ya hewa. Kati ya viti vyote, kilichokuwa wazi kilitazamana na kioo chenye orodha yangu. Wilfredo alikwisha chukua kitambaa na dawa ya kusafishia. Alisema chinichini kwamba angekifuta, msimu unakaribia, nani anajali.

Efraín akamwambia akiache.

Alinyolewa akiyasoma majina yote, kutoka juu mpaka chini, povu mashavuni. Nilisimama mlangoni. Alipofika chini akaanza tena. Sijui alikuwa akitafuta nini, maana alijua halimo. Wilfredo alipomaliza na kumpangusa, Efraín alisema bila kugeuka, akiniangalia ndani ya kioo:

"Hukuniuliza, Nere. Siku ile ukumbini ungesema tu, kaka, mimi siwezi. Ningekuacha ubaki nyumbani."

Nikasema, "Nilikuambia sawa kila siku. Kila mpira. Nilichoka kusema sawa."

Chago, aliyekuwa akingoja zamu yake, alijifanya anasoma gazeti la mwezi uliopita. Tulipotoka Efraín alisimama kwenye gari akangoja nimfungulie mlango, na nilipomfunga mkanda akasema barafu nayo imeyeyuka mapema mwaka huu. Nikasema ndiyo.

26 Machi

Mechi ya kwanza. Wilfredo alipiga simu mchana kusema kwamba orodha yangu ndiyo imekaribia zaidi ya zote. Alinipongeza kama mtu anayetoa pole. Nikasema asante. Sikwenda.

Tulitazama nyumbani, mimi na Efraín, Mama akiwa kazini. Nilimwekea mto chini ya kiwiko. Mrushaji wetu wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wazee, na Efraín alikuwa akitaja kila mpira kabla haujarushwa: huu wa kupinda, huu wa juu, huu atakosea. Alipatia karibu yote. Kwa muda nilisahau kutazama mchezo nikawa namtazama yeye. Amepungua. Shingo yake imekuwa kama ya Mama.

Katika raundi ya nne akaacha kuitaja mipira. Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye televisheni:

"Na mimi? Machi ya mwaka ujao. Kwa macho."

Nilijua swali hili litakuja. Nimekuwa nikilitayarishia jibu tangu siku ya upasuaji. Nimesoma juu ya warushaji wote waliofanyiwa kama yeye, nani alirudi, nani hakurudi, nani alirudi akawa mtu mwingine. Nilikitazama kiwiko kilicholala kwenye mto, bandeji, vidole viwili vya mwisho vilivyokuwa vikicheza peke yao. Nilitafuta kama ninavyotafuta siku zote, pale mahali ambapo huwa naona. Hapakuwa na kitu.

"Sijui," nikasema.

Akageuka. "Wewe? Hujui?"

"Sijui, kaka."

"Hunifichi?"

"Ningejua, ungenijua usoni."

Alinitazama kwa muda, akinikagua kama mpira wenye alama. Kisha akaegemea kiti, akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeteremsha kitu.

"Basi," akasema. "Hilo naweza kukaa nalo."

Raundi ya tano mvua ilianza. Waamuzi wakawaondoa wachezaji uwanjani, vijana wakaliburuta turubai juu ya nyasi, na mtangazaji akasema haijulikani kama mechi itaendelea leo. Efraín hakuomba nibadilishe chaneli. Tukakaa tukiliangalia turubai.